Sakafu Nyekundu

Mwaka ule maji ya bwawa yalipungua mno, hata kuta za mji wa zamani zikatokea juu ya tope. Bi Sikudhani, aliyehamishwa hapo akiwa bi harusi wa miezi miwili, alishuka na ufagio wake. Nyumba aliijua kwa kizingiti cha jiwe. Akaingia, akaanza kufagia polepole, kama anayetarajia wageni.

Mlelwa, mpima maji wa bwawa, alimkuta humo.

"Shikamoo, mama. Mvua imenyesha milimani. Maji yatafika hapa kabla ya jioni."

"Marahaba, mwanangu. Na mpunga wa watu wa bondeni?"

"Unakauka. Wanayasubiri kwa hamu."

"Basi yaje," alisema. "Siku ile tulitolewa mbio mbio, nikaiacha nyumba chafu. Marehemu mume wangu alinitania kwa hilo mpaka anakufa."

Mlelwa alitazama saa. Kisha akavua viatu, akaokota kipande cha bati, akaanza kuzoa tope.

Walipomaliza, sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa inang'aa. Nje, maji ya kwanza yalikuwa yakipita taratibu mlangoni kwa jirani.