Kila Kisiwa na Kasoro Yake

"Serifos hapana," Argyris alisema, akauondoa uma wa mkewe juu ya ramani. "Kule upepo unang'oa watu meno."

Evanthia akausogeza uma. "Haya, Sifnos."

"Sifnos wanakula dengu asubuhi na jioni. Tumbo langu unalijua."

"Kimolos?"

"Mbuzi wa kule hawana adabu."

Maisha yake yote Argyris alikuwa baharia wa meli za abiria, akivizunguka visiwa hivyohivyo vya Ugiriki huku mkewe akimngoja nyumbani Piraeus. Aliahidi kwamba akistaafu watapanda meli pamoja, washuke kila kisiwa, wale pweza wa kuchoma kama watu wengine. Sasa amestaafu, na anachotaka ni kukaa roshani na kuloweka miguu kwenye beseni.

Stamata, jirani wa chini, alikuwa anasikia kila neno. "Shoga yangu," alimwambia Evanthia baadaye, "mwanaume aliyelala bandari zote hizo, unadhani alikuwa anahesabu samaki?"

Evanthia alicheka, ila maneno hayo hayakumtoka. Yeye na Argyris hawakujaliwa mtoto. Mishumaa aliwasha, mafuta ya watakatifu alipaka, wapi. Kisha mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, mwanamke alipiga simu kutoka Serifos. "Mwambie Argyris mtoto anakua," alisema, akakata. Tangu hapo, kila wiki ya Pasaka Argyris huchomoa waya wa simu, eti dunia ina kelele. Evanthia aliufikisha ujumbe, lakini maana yake hakuwahi kumuuliza. Aliliogopa jibu.

Safari hii alitaka kulijua, liwalo na liwe. Akakata tiketi kimyakimya, Serifos kwanza, kisha Sifnos, Kimolos na vingine.

Argyris alipoziona tiketi alianza kukohoa. Kikohozi kiliposhindwa akachechemea. Alidai hata paka wa Stamata atamlilia. Asubuhi ya safari alitoka chumbani na kofia ya majani na miwani mikubwa myeusi, na sharubu alizozilea tangu ujana kazinyoa zote.

"Nani huyo tena?" Stamata aliuliza kutoka chini.

"Mume wangu," Evanthia alisema. "Anasema ni joto."

Melini Argyris alijifungia chooni mpaka abiria wakalalamika. Alipotoka, Evanthia alimshika mkono.

"Kama kuna jambo, niambie kabla hatujafika. Mimi ni mkeo."

Argyris aliinamisha kichwa. "Nilikuwa kijana, Evanthia. Watu wananikaribisha kwao, wamechinja mwanakondoo, wananimiminia divai. Ningekataaje?"

"Kila kisiwa?"

"Vingine mara mbilimbili."

Evanthia aliuachia mkono ule. Moyo ulimuuma hata akashindwa kulia. Akaamua atamwona huyo mtoto kwa macho yake, kisha atarudi Piraeus na meli ileile, peke yake.

Serifos walishuka, Argyris akitembea nyuma ya sanduku kama anayejificha mvua. Mbele ya mkahawa wa bandarini mwanamke mmoja wa rika lao alikuwa akimenya maharage. Akaweka kisu chini.

"Hata ungenyoa kichwa, Argyris, mwendo huo naujua." Kisha akaita ndani, "Manthos! Amekuja."

Likatoka pande la mtu, ndevu hadi kifuani, aproni kiunoni. Evanthia akaitafuta pua ya mumewe katika uso ule, lakini machozi yalishamziba macho.

Manthos akavuta kiti, akakaa, akavua kiatu na soksi, akaupandisha mguu wake mpana juu ya meza, katikati ya glasi.

"Wenzangu wote waliletewa viatu vipya kila Pasaka na baba zao wa ubatizo," alisema. "Wangu alikula mwanakondoo wa ubatizo, akapanda meli, basi. Pima, mzee. Uliowabatiza Sifnos na Kimolos nimeshawapigia simu, wanavua soksi."