Kabla Jeneza Halijaingia

"Simameni hapo hapo!" Tharsisi akapiga makofi. "Jeneza lisiingie. Turudi mwanzo."

Waigizaji wakarudi mwanzo bila kinyongo. Kila jioni ilikuwa hivyo. Mchezo wao ulihusu ndugu wawili wanaogombania shamba la baba yao mgonjwa, na kila baba alipokaribia kukata roho, Tharsisi alipiga makofi. Mwatumu, aliyeketi kizingitini mwa nyumba yake na khanga mabegani, hakujua lolote kuhusu sanaa za jukwaani. Lakini hata yeye aliona kuwa kikundi kinachoogopa mwisho wa mchezo wake kitaumbuka mbele za watu.

Hata hivyo hakutaka wafike mwisho.

Mwatumu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Makere, mtu wa Pangani. Likizo ya Juni ilipoanza walimu wenzake walikwenda makwao, yeye akabaki, kwa kuwa safari ya basi mpaka pwani ingekula nusu ya likizo. Wiki hiyo hiyo mama yake akafariki, akazikwa kabla jua halijazama, kama dini inavyotaka. Simu ya Mwatumu ilikuwa ikichajiwa kwa sola kibandani kwa Tharsisi, mtu ambaye hupokea simu za wateja wake kana kwamba wote ni ndugu zake.

"Kaka yako anakutafuta," Tharsisi alimwambia siku ile, akampa simu kwa mikono miwili.

Alimpigia kaka yake, akasikiliza, akasema, "Haya," akaenda zake. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Hapa hakuna aliyemjua mama, na matanga yalikaliwa Pangani, bila yeye.

Jioni ile ile Tharsisi alibisha hodi, kikundi chake chote kikiwa nyuma yake.

"Mwalimu, ukumbi wa parokia unavuja. Tuazime uwanja wako wa mazoezi. Na wewe utusikilizie Kiswahili, sisi midomo yetu ni ya Kiha tu."

Angani hapakuwa na hata wingu. Juni huku ni vumbi tupu. Lakini Mwatumu hakuwa na nguvu za kubishana.

Basi akajifunza jinsi mchezo unavyotengenezwa. Tharsisi alichora nyumba ardhini kwa majivu: hapa mlango, hapa kitanda cha baba. Asnath, aliyeigiza mke wa kaka mkubwa, alibisha hodi hewani na mwenzake Hatungimana akagonga kopo, ndiyo sauti ya mlango. Anayetoka jukwaani haendi mbali. Anasubiri nyuma ya mpapai, machozi yakiwa tayari. Asiyefika mazoezini, mwenzake humsemea maneno yake, ili nafasi isibaki wazi. Hakuna aliyeshika karatasi. Walijua kila neno, hata yale waliyoyakosea. Wote walivaa fulana za tamasha la Buhigwe, zilizokwisha kupauka, na Mwatumu akaelewa kuwa huko ndiko wanakojiandaa kwenda.

Kwa sababu ya baridi waliwasha moto, wakatandika mikeka. Mzee Pasikali, wa nyumba ya pili, alikuja kila jioni na gogo begani, akaketi, akaondoka wa mwisho bila kutamka neno.

"Na huyu anaigiza nani?" Mwatumu aliuliza.

"Jirani," Maximilla, mmoja wa waigizaji, akajibu, huku akimpakulia maharage. "Kula, mwalimu. Mtazamaji mwenye njaa atatudanganya."

Alikula. Waigizaji wakiwepo, chakula kilipita kooni. Wakishaondoka, aliingia kwa mlango uliochorwa, akijiona mjinga, akakaa pale penye kitanda cha baba. Kuta za majivu zilimtosha. Nyumba yake ya kweli ilikuwa kimya mno, na humo ndani alikuwa yatima.

Shule ilifunguliwa, na mazoezi yakaendelea. Halafu jioni moja Tharsisi akasema, "Jumamosi tunamaliza."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mwatumu akahesabu siku kwa vidole. Jumamosi hiyo hiyo, kule Pangani, watu wangejaa nyumbani kumsomea mama dua ya arobaini. Yeye angebaki na uwanja mtupu. Alitamani kuwaambia jamani, hamjawa tayari, jeneza bado.

Jumamosi aliamka mapema, akaifagia nyumba ya majivu kwa mkono wake. Bora aifute mwenyewe.

Wakaja asubuhi, wote, bila zile fulana za tamasha. Asnath alikuwa amejifunika mtandio. Maximilla na wenzake walibeba masufuria ya parokia. Mzee Pasikali, badala ya gogo, alikuja akivuta mbuzi, mzima, akamfunga kwenye mpapai. Mwatumu alifikiri ni karamu ya baada ya onyesho, ya kwao wenyewe, na roho ikamuuma zaidi.

Kisha pikipiki ikaingia uwanjani. Tharsisi ndiye aliyeendesha, na nyuma yake alikaa mzee mwenye kanzu nyeupe iliyojaa vumbi la barabara. Mgeni rasmi, bila shaka.

"Gari la Buhigwe linakuja saa ngapi?" Mwatumu aliuliza, akijitahidi kutabasamu. "Nitawaombea mcheze vizuri."

Tharsisi akavua kofia.

"Buhigwe tulishacheza, mwalimu, tangu Pasaka." Akamshika mzee mkono ashuke. "Huyu ni shehe, nimemfuata Kasulu mjini. Leo si ndiyo arobaini ya mama?"