Mkono wa Amani

Katika kanisa lile la Kianglikana watu wa kila kabila walibanana kwenye benchi moja, na siku Damari alipofika mjini hakuna aliyemuuliza katoka kwa nani. Walimsogezea nafasi, wakampa kitabu cha nyimbo. Sasa yeye ndiye aliyewaongoza kina mama.

Jumapili moja aliingia mgeni mwenye kanga iliyopauka, akaketi karibu na mlango. Damari alimtambua mara moja. Alikuwa Yunisi, wifi yake, yule aliyemsimamisha mbele ya waumini kule kwao akasema Damari amemroga mume wake mwenyewe mpaka akafa. Siku ile Damari alifukuzwa kwa mawe.

Padri aliposema, "Tupeane amani," Damari alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Akaushika mkono wa Yunisi, akaubana kwa nguvu.

"Amani ya Bwana, wifi," akamnong'oneza. "Hapa wananiamini. Nikitamka neno moja tu, utatoka kama ulivyonitoa."

Yunisi hakuuvuta mkono.

"Litamke," akasema. "Kule kwetu sasa wanasema mchawi ni mimi."

Damari alihisi raha ikimpanda kifuani, tamu kuliko alivyoiota miaka yote. Akazidi kubana. Waliokuwa karibu waliwatazama wakatabasamu, na bibi mmoja akafuta machozi ya furaha. Wimbo wa sadaka ukaanza. Watu wakarudi mahali pao, na wao wawili wakabaki wamesimama, mkono ndani ya mkono, mlango ukiwa wazi nyuma yao.