Mti Aliouacha Laurian

Chipukizi lilikuwa limekatwa tena. Yustina aligusa kidonda kwenye shina la mti. Kilikuwa bado kibichi.

Tangu mumewe, Laurian, azikwe, kuna mtu alikuwa akiingia uani kwao Kilimatinde na kisu kikali. Matunda hakuyagusa. Alikata machipukizi manene tu, yale yaliyotoka chini kwa nguvu, akaacha matawi ya juu yaliyodhoofishwa na ukame.

Hapakuwa na mti wa pili kama ule. Laurian alileta kijiti chake kutoka mbali, akakibebesha juu ya shina la mlimau mpaka vikaungana, maana mlimau huvumilia jua la Manyoni. Tunda lake lilikuwa la mchanganyiko: lilimenyeka kwa vidole kama chenza, lilikuwa na maji matamu kama chungwa, na halikuwa na mbegu hata moja. Mti ukifa, basi. Yustina alitaka matunda hayo yaliwe siku ya kujengea kaburi, watu wamtaje Laurian vinywa vikiwa vitamu.

Alimshuku Chediel, mdogo wa marehemu. Kwenye kikao cha ukoo, ndiye aliyeuliza kiwanja kitabaki kwa nani.

Jumapili moja Yustina hakwenda kanisani. Alijibanza nyuma ya jiko mpaka Chediel akaingia, akapiga magoti chini ya mti na kutoa kisu.

"Karibu, shemeji. Leo unakata mti au unanikata mimi?"

"Niache nimalize. Nilimwahidi kaka."

"Ulimwahidi kuumaliza mti wake?"

Chediel alitaka kueleza, lakini Yustina alikwisha kuita majirani. Wazee wakampiga marufuku kukanyaga pale.

Chipukizi jipya likatoka chini kabisa ya shina. Yustina akalizungushia miiba, akalimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Likanenepa, likayapita matawi ya zamani, nayo yakakauka moja moja akayafanya kuni. Jirani mmoja alisema wivu umeshindwa.

Kaburi lilisubiri miaka mitatu, hadi mti ulipozaa tena. Ganda lilikuwa na mabonde kidogo; Yustina alisema ni ukame. Akajaza sinia, akalipitisha mwenyewe mbele ya ukoo wote, akianza na binti yake, Pendo, aliyezoea kumenyewa na baba yake.

Pendo alihangaika na ganda, akaomba kisu, akapasua, akaonja.

"Mama," alisema taratibu, "mbona umetuletea malimau?"