Kitanda Upande wa Kushoto

Tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa ya ukungu mzito, na dereva alilalamika njia nzima kwamba haoni mbele. Bi Shuka akamwambia kuwa yeye ukungu haumsumbui. Kilichomsumbua ni chumba.

Hii ilikuwa hoteli ya kumi na mbili. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya stendi, ya pili mji wa jirani, kisha zikatambaa na barabara kuu kama mmea wa maboga hadi huku milimani. Zote zilijengwa kwa ramani moja: hatua tatu kutoka mlangoni, kitanda kushoto, kabati kulia. Watu walisema mkurugenzi ni bahili, hata wazo jipya hanunui.

Kila hoteli ilipofunguliwa, Bi Shuka, mkuu wa usafi, ndiye aliyetandika kitanda cha kwanza mbele ya mkurugenzi na wafanyakazi wapya. Akiboronga mara moja tu, angerudishwa nyumbani kama wazee wenzake, na wajukuu wake wawili hawakuwa na mwingine. Kwa hiyo sala yake ilikuwa moja: Mungu wangu, chumba kifanane.

Mlangoni pa chumba, viatu vya mkurugenzi vikalia nyuma yake. Wasichana wa usafi wakajipanga.

"Karibu ndani, mama," alisema fundi mkuu wa ujenzi kwa majigambo. "Kiwanja kilikuwa chembamba, lakini tumekimudu."

Bi Shuka akalirudia neno hilo moyoni. Chembamba?

Akapiga hatua tatu, shuka kifuani, akainama kushoto. Mkono ukagonga mbao baridi. Kabati. Msichana mmoja akaguna. Bi Shuka akabaki ameinama vilevile, midomo ikisali bila sauti.

"Mama, kitanda si hicho hapo kulia?" fundi akacheka. "Au ndio uzee?"

Hakuna aliyemsaidia kucheka. Mkurugenzi akauliza taratibu ni nani aliyegeuza ramani. Fundi akaanza kujieleza, mara ukuta, mara mlango. Mkurugenzi hakungoja amalize. Alimshika Bi Shuka mkono, kama enzi zile walipobeba magodoro pamoja kule stendi, akauweka juu ya kitanda.

"Kesho hiki kinarudi kushoto," akasema. "Mnadhani ramani moja ni ubahili wangu? Tangu apofuke, mama huyu amefungua hoteli tisa bila macho. Na ya kumi na tatu ataifungua yeye. Naahidi mbele yenu wote."