Betri ya Kigari

"Papa, sisi bote tuko bazima. Usiogope."

Maman Umwali aliyasema hayo kwenye kaseti, dukani kwangu Kamembe, kwa mumewe aliyekwamishwa na vita Bukavu, ng'ambo ya mpaka.

Rekoda niliiunga na betri ya kuchaji ya kigari cha kuchezea. Sikujua kwamba, alipokuwa akirekodi, ilikuwa inakwisha na tepu inazunguka polepole. Nikaweka betri iliyojaa, tusikilize.

Sauti ikatoka nyembamba, ya haraka. Sauti ya mtoto.

"Papa, sisi bote tuko bazima."

Maman Umwali alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Binti yake, Umwali, tulimzika mwezi uliopita, na baba yake alikuwa hajaambiwa.

"Ni betri, Maman. Tepu ilirekodi polepole, sasa inakimbia. Nitaifuta, turudie." Mchuuzi wa kuivusha kaseti alikuwa mlangoni, hatulii.

"Usifute." Akaichomoa kaseti mwenyewe. "Hii inabakia kwangu. Weka ingine."