Uzito wa Bi Mize

Kwetu Lindi, kila asiyeweza kukimbia ana mbebaji wake kisheria. Ardhi ikitikisika, tuna dakika kumi na moja za kufika kilimani kabla bahari haijatufikia. Mimi humbeba Bi Mize, jirani yangu. Mazoezi ya Ijumaa iliyopita yalituchukua dakika kumi na mbili.

Tangu siku hiyo, kila nikimpelekea chakula, anarudisha sahani na wali wake.

"Bibi, mbona huli?"

"Nimeshiba. Mgongo wako si lori, Chande."

"Kula, bibi yangu! Mwendo nitaongeza mimi."

Alicheka tu.

Leo tumefika kwa dakika kumi. Watu walitupigia makofi, naye akawapungia mkono kama waziri. Nilimshusha taratibu, nikimheshimu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nikiiogopa Ijumaa ijayo, atakapokuwa mwepesi zaidi.